Mkaguzi wa Mizani

Nilikwenda Amana kutoa damu, si kutafuta ugonjwa.
Mpwa wangu Shani alikuwa anasubiri kupasuliwa nyonga,
wakasema leteni watu watatu,
nikakunja mkono wa shati kabla sijaitwa.

Sista Yustina akafunga kitambaa, akakijaza upepo,
akatazama, akafungua, akafunga tena.
Mia sabini na nane kwa mia na sita.
"Baba, damu yako leo hatuichukui."
Nikaona haya kama mchuuzi
aliyekutwa na jiwe lililotobolewa tumbo.

Maana hiyo ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na mbili:
natembea na kisanduku cha mawe ya shaba,
Buguruni, Tandika, Mabibo,
napima vinavyopima.
Niliwahi kukamata kilo yenye gramu mia nane na arobaini,
mwenyewe akiniapia kwa jina la mama yake.
Kumbe na mwili wangu ulikuwa ukiniapia.
"Kichwa hakiniumi, sista. Ngazi za ofisini napanda bila kuhema."
"Wote ndivyo wasemavyo," akajibu, akaita mwingine.

Daktari Lyatuu ni kijana, sawa na mwanangu wa kwanza.
Nilitaka anipe vidonge niende zangu.
Akaniambia nikae, mgongo kitini, miguu isipishane,
nisiseme neno dakika tano.
Dakika tano, Ilala, saa nne asubuhi!
Feni ikikwaruza, nje mtu akiuza maji kwa mluzi.
Akapima mkono wa kulia. Akapima wa kushoto.
Akangoja, akarudia, akaandika zote.
Moyoni nikamkubali:
hata mimi sijamtoza mtu faini kwa pimo moja.

Kisha maswali.
Chumvi? Naongeza kabla sijaonja.
Usingizi? Mwanaidi alihamia chumba cha watoto kwa mikoromo yangu,
tunalicheka jambo hilo kila Idi.
Vidonge vya mgongo, vile vya dukani?
Kila siku, tangu mwaka juzi. Hapo kalamu yake ikasimama.
"Na baba mzazi, alifariki kwa maradhi gani?"

Baba alianguka Alhamisi, akifunga kamba za viatu,
miaka hamsini na moja.
Tulisema kijicho. Tulisema yule jirani wa kiwanja cha Yombo;
shangazi hakuitikia salamu yake mpaka wakafa wote wawili.
Hakuna aliyewahi kumfunga baba kitambaa mkononi.
"Alianguka tu," nikasema.
Daktari akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Mimi nina arobaini na tisa.

Mkojo kichupani. Damu, safari hii wakaichukua,
waitazame figo, sukari, mafuta.
Nyaya kifuani, karatasi ikatoka na vilima vyake.
Taa ndani ya jicho, akichungulia mishipa huko nyuma.
"Sijasema unao. Sijasema huna.
Kapime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni,
uandike bila kupunguza."

Bila kupunguza! Ananiambia mimi!

Siku ya tatu, jioni, mashine ikasoma mia sabini na moja.
Shani alikwishapasuliwa, kwa damu ya vijana wa kinyozi.
Mwanaidi yuko jikoni. Kalamu ninayo.
Sabini iwe hamsini, nani atajua?
Ndipo nikamkumbuka yule wa Buguruni na kilo yake,
nikafahamu, miaka yote hiyo baadaye,
alichokuwa anaogopa.

Nikaandika mia sabini na moja.
Kopo la chumvi nikalisogeza, si mbali sana.
Nikampigia mdogo wangu, Mbagala.
"Shomari, umefika miaka mingapi?"
"Kwani kaka hujui?"
"Najua. Kesho asubuhi usinywe kahawa.
Nakuja na mashine."